MAREHEMU SALIM BEY: ASKARI ALIYENGOJA AMRI



Katika toleo hili la kumbukumbu tumeona inafaa tuwakumbuke wale waliotutangulia katika njia ya ukimbizi, maana si sisi tulioianza. Kabla ya babu zetu wengi kuzaliwa, nchi hii ya mto Nile ilikwisha kuona watu waliobeba watoto mgongoni na vyungu kichwani, wakitafuta mahali pa kuweka mizigo yao. Mmoja wa viongozi wa watu hao alikuwa mwanajeshi mzee, Mwislamu, baba wa kaya kubwa, naye ndiye Marehemu Salim Bey. Wanubi wa Arua, Koboko, Bombo na Kibera wanalijua jina lake. Wengine wetu tuliokuja kutoka Sudan Kusini na Kongo pengine hatujalisikia, ingawa maisha yake yalipita katika ardhi zetu zote tatu: alitumikia upande wa Sudan, akaishi miaka miwili na zaidi upande wa Kongo, kisha akaingia Uganda.

Tunaandika habari zake kwa ufupi, pamoja na mema yake na yale ambayo hayakuwa mema, ili kila mmoja apate funzo.

ASKARI WA MISRI KATIKA NCHI YA IKWETA

Wakati huo Misri ilikuwa imepanua utawala wake kufuata mto Nile hadi karibu na Ziwa Albert. Jimbo la mwisho kabisa upande wa kusini liliitwa Ikweta. Makao yake makuu yalikuwa Lado, na vituo vyake vilipangwa kando ya mto: Rejaf, Labore, Dufile, Wadelai na vingine. Tangu mwaka 1878 gavana wake alikuwa Emin Pasha, daktari mzaliwa wa Ujerumani aliyeingia katika kazi ya serikali ya Misri.

Askari wa jimbo hilo walikuwa wengi wao watu weusi wa Sudan. Wapo waliotwaliwa utotoni katika vita vya watumwa wakaingizwa jeshini bila kuulizwa. Huko jeshini walipata silimu, wakajifunza Kiarabu cha kambini ambacho baadaye kikawa lugha ya Kinubi, wakaoa, wakazaa, na bendera ya Misri ikawa ndiyo ukoo wao. Salim alikua katika jeshi hilo, akapanda cheo ngazi kwa ngazi hata akawa mkuu wa kituo cha Labore. Waliomwona mwaka 1889 walimkadiria umri wa miaka hamsini hivi. Alikuwa mtu mrefu, mnene wa mwili, mweusi sana, mpole wa tabia na asiye na haraka. Upole huo uliwafanya wengine wamwone mzito wa kuamua. Lakini wakati wa shida ulipofika ilionekana wazi nani alikuwa mzito na nani alikuwa mwepesi wa kukimbia.

Hatuwezi kusema kwamba askari wale walikuwa malaika. Serikali yao iliwaacha miaka mingi bila mshahara wala nguo, nao wakaishi kwa kuchukua nafaka, ng'ombe na hata watu kutoka kwa wenyeji. Wamadi, Wakakwa, Walugbara, Wabari na wengineo waliteseka kwa ajili yao, na jambo hilo lisifichwe. Jeshi lisilolipwa hula raia, na raia hawasahau.

KHARTOUM INAANGUKA

Mwaka 1881 Muhammad Ahmad alijitangaza kuwa Mahdi, na vita vikaenea Sudan nzima. Tarehe 26 Januari 1885 mji wa Khartoum ulianguka, na Gordon Pasha akauawa. Kuanzia hapo Ikweta ikawa kisiwa. Hakuna meli iliyotoka kaskazini tena, wala mshahara, wala nguo, wala risasi. Emin akahamisha makao yake kutoka Lado hadi Wadelai.

Ndugu zangu, fikirini hali hiyo. Serikali yako iko mbali nawe kwa miezi ya safari, njia imefungwa, na hujui kama bado ipo. Wengi wangevua sare wakaenda zao. Wale wakaendelea kupiga tarumbeta asubuhi, kupandisha bendera, kuandika vitabu vya hesabu na kupeana vyeo. Nguo zilipoisha walipanda pamba, wakasokota na kufuma wenyewe, na wengine wakavaa ngozi.

Mwezi wa Aprili 1888 mgeni akafika Ziwa Albert kutoka upande wa Kongo. Alikuwa Stanley, aliyetumwa kutoka Uingereza kuja kumwokoa Emin. Alileta barua ya Khedive, mtawala wa Misri, iliyowaambia askari kwamba anayetaka kutoka na Stanley atoke, na anayetaka kubaki abaki kwa hiari yake, ila asitegemee tena msaada wa serikali.

Barua hiyo ilileta fitina kubwa. Askari walijua jambo moja tu, nalo ni kwamba Misri iko kaskazini, mto unakoelekea. Sasa mzungu mwenye nguo zilizochanika anawaambia waende kusini, hadi pwani ya bahari wasiyoijua. Wengi waliona ni hila ya kuwapeleka utumwani wao na wake zao. Mwezi wa Agosti 1888 barua iliposomwa Labore, askari mmoja alitoka kwenye mstari akaikana mbele ya wote, na bunduki zikainuliwa. Siku chache baadaye Emin na Jephson, msaidizi wa Stanley, wakakamatwa na maofisa waasi huko Dufile. Kiongozi wa uasi huo alikuwa Fadl el Mula.

DUFILE, NOVEMBA 1888

Wakiwa bado wanagombana wao kwa wao, adui akafika. Mwezi wa Oktoba 1888 majeshi ya Mahdi, chini ya Omar Saleh, yalikuja kwa meli za moshi hadi Lado. Rejaf ikaanguka. Maofisa waasi walipojaribu kuirudisha walishindwa vibaya, na wakubwa kadhaa wakafa. Hofu ikaenea vituo vyote. Emin akaachiliwa aende Wadelai, kwa kuwa sasa kila mtu alitafuta pa kushika.

Mwisho wa Novemba wafuasi wa Mahdi waliizingira Dufile, boma lililoko ukingo wa magharibi wa Nile, katika nchi ambayo leo ni wilaya ya Moyo. Vita vilidumu siku kadhaa. Adui aliingia hadi ndani ya boma, na ilionekana kwamba mambo yamekwisha. Hapo ndipo Salim, yule waliyemwita mzito, alipowakusanya askari akawageuza, wakapigana ndani kwa ndani mpaka wakawatoa nje washambuliaji. Majeshi ya Mahdi yakarudi Rejaf yakiwa yamepoteza watu wengi.

Lau Dufile ingeanguka siku ile, kina mama na watoto wa vituo vyote vya juu ya mto wangekuwa mateka. Mifereji na kuta za udongo za boma lile bado zinaonekana. Wazazi wanaopata nafasi ya kufika kule wawaonyeshe watoto wao, maana huo ni ukurasa wa historia ulioandikwa kwenye udongo.

Hata hivyo ushindi haukuleta umoja. Boma la Dufile liliachwa mwanzoni mwa 1889, watu wakapanda hadi Wadelai, na mabishano yakaanza upya: twende na Stanley au tusiende?

SAFARI ILIYOCHELEWA

Salim, ambaye sasa anajulikana kwa cheo cha Bey, alichagua kwenda. Mwezi wa Februari 1889 alifika na maofisa wenzake kambini kwa Stanley, mahali palipoitwa kwa Kavalli, kusini-magharibi mwa Ziwa Albert, leo katika nchi ya Kongo. Akakubaliana naye kwamba atarudi Wadelai kuwaleta watu wote wanaotaka kutoka. Stanley akaweka siku ya kuondoka: tarehe 10 Aprili.

Kila mkimbizi anajua jinsi ilivyo vigumu kuhamisha watu. Kuna mgonjwa, kuna mjamzito, kuna mzee asiyetaka kuondoka, kuna mtoto aliyepotea. Meli zilikuwa mbili ndogo tu, na kuni zilipaswa kukatwa njiani. Wale wa kwanza waliofika kwa Stanley walikuja na mawe ya kusagia, vitanda na mitungi, hata wapagazi waliovipandisha mlimani wakanung'unika, na Stanley mwenyewe akalaumu kwa hasira. Yeye aliona mizigo isiyo na maana. Mama aliyebeba jiwe lake la kusagia aliona chakula cha watoto wake kesho.

Salim Bey alichelewa. Stanley akashuku kwamba pana njama ya kumnyang'anya risasi, naye hakungoja. Tarehe 10 Aprili 1889 akaondoka na Emin pamoja na watu wapatao 1,500 kwa jumla. Salim Bey aliandika barua kuomba asubiriwe, lakini hakusubiriwa. Wakati huohuo, nyuma yake huko Wadelai, Fadl el Mula na kundi lake walichukua baruti na risasi za ghala wakaenda zao kaskazini. Hivyo mzee huyo akajikuta katikati: mbele ameachwa, nyuma ameibiwa.

Akafika kwa Kavalli na watu wachache aliobaki nao, akakuta majivu ya moto. Akakaa hapo.

MIAKA MIWILI YA KUNGOJA

Tangu 1889 mpaka 1891 Salim Bey aliishi kwa Kavalli kama mkuu wa serikali isiyokuwapo. Watu walilima mahindi na pamba. Wengine waliomkimbia Fadl el Mula walimjia, na jumuiya ikakua. Makarani waliendelea kuandika, na bendera kuukuu za Khedive zilitunzwa kwa heshima. Swala zilisaliwa kwa wakati wake, watoto wakafunzwa dini, ndoa zikafungwa, maiti wakazikwa.

Katika mwaka 1891 Emin Pasha mwenyewe alirudi karibu na hapo, safari hii akiwa katika kazi ya Ujerumani. Alitaka askari wake wa zamani wamfuate. Wachache walikubali. Salim Bey alikataa. Hakukataa kwa chuki, kwani Emin alikuwa gavana wake. Sababu yake ilikuwa moja: yeye ni askari wa Khedive, na Khedive hajamruhusu kubadili bendera. Emin akaenda zake ndani ya Kongo, na mwezi wa Oktoba 1892 akauawa huko.

Mwezi wa Septemba 1891 akaja mzungu mwingine, Kapteni Lugard, wa Kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikijaribu kuitawala Uganda. Lugard alihitaji askari. Katika msafara wake walikuwamo Wasudani, na baadhi yao walikutana pale na ndugu na marafiki waliodhani wamekufa. Watu walikumbatiana, wakalia, wakapiga vigelegele. Nasi tuliowahi kumkuta ndugu kwenye mstari wa kuandikishwa tunaielewa furaha ile bila kuelezwa.

Lakini hata kwa Lugard, Salim Bey alisimama palepale. Hatatumikia mtu mwingine bila ruhusa ya bwana wake. Mwishowe wakapatana kwa maandishi: Khedive ataandikiwa kuombwa ruhusa, na wakati jibu linangojewa watu watatoka kwa Kavalli chini ya ulinzi wa Lugard, huku Salim Bey akibaki mkuu wa askari wake.

Hivyo msafara ukaondoka. Askari wenye bunduki walikuwa kama 600, lakini pamoja na wanawake, watoto, watumishi na wafuasi, jumla ilipita watu 8,000. Wakavuka mto Semliki, wakaingia Toro. Waliwekwa katika maboma kadhaa yaliyojengwa mpakani ili kumlinda Mfalme Kasagama wa Toro dhidi ya Kabalega wa Bunyoro, na baadhi yao wakaenda na Lugard mpaka Kampala.

Hapo tena tuseme ukweli. Maboma yale hayakupewa chakula cha kutosha wala usimamizi wa karibu, na wenyeji wa Toro na Bunyoro waliporwa na askari waliowekwa kuwalinda wengine. Malalamiko yalikuwa mengi, na yalikuwa ya haki. Mzee alikuwa na heshima kwa watu wake, ila hakuweza kuwa katika kila boma.

DHAMANA YA MBOGO

Wakati huo Buganda ilikuwa imegawanyika makundi ya dini: Wakatoliki, Waprotestanti na Waislamu. Kiongozi wa Waislamu alikuwa Mbogo, ndugu yake Kabaka Mutesa wa Kwanza na baba mdogo wa Kabaka Mwanga. Mwaka 1892 Lugard alitaka amani, na alitaka Mbogo aje Kampala akae chini ya ulinzi wake, ili Waislamu wapewe sehemu yao ya nchi wakae kwa utulivu. Waislamu waliogopa kumtoa kiongozi wao. Salim Bey, akiwa Mwislamu mwenzao na mtu mzima wa maneno machache, alikuwa miongoni mwa waliosaidia kuwapatanisha. Mbogo akaja, damu ikaepukwa.

Ahadi ni deni. Na deni hili ndilo lililomwua Salim Bey.

Mwaka uliofuata, 1893, Lugard alikwisha kuondoka. Kampuni iliacha nchi, na mwezi wa Aprili Portal akapandisha bendera ya Uingereza Kampala. Aliamuru askari wa maboma ya Toro waondolewe, na wengi wakaandikishwa katika kazi ya serikali mpya. Portal mwenyewe aliondoka mwishoni mwa Mei, akamwachia madaraka Kapteni Macdonald. Salim Bey alikuwa Port Alice, yaani Entebbe. Alikuwa mgonjwa, mwili umevimba maji, hawezi kutembea vizuri.

Mwezi wa Juni ukatokea mgogoro kati ya Waislamu wa Buganda na serikali. Waliona sehemu ya nchi waliyopewa ni ndogo, wakakataa baadhi ya kazi walizotakiwa kumfanyia Kabaka. Vita vilinukia. Salim Bey akampelekea Macdonald habari kwamba Mbogo asipigwe, na kwamba atakayempiga Mbogo atakuwa amempiga na yeye.

Macdonald aliyasoma maneno hayo kama uasi wa jeshi. Aliogopa kwamba Wasudani wote wataungana na Waislamu wa Buganda. Akawapanga Wasudani wa Kampala kwenye gwaride, akawaelekezea mzinga wa haraka, akawanyang'anya bunduki. Nao hawakupigana, waliweka silaha chini. Mbogo akajitoa mwenyewe. Waislamu wa Buganda wakapigwa, wakakimbilia magharibi. Macdonald akaenda Port Alice, na huko pia Wasudani hawakufyatua risasi hata moja. Salim Bey akakamatwa, akahukumiwa, akavuliwa cheo chake, akaamriwa apelekwe uhamishoni pwani. Mbogo naye alipelekwa Zanzibar, ambako alikaa mpaka aliporudishwa mwaka 1895.

Je, alikuwa mwasi? Kila mmoja apime. Upande mmoja, ofisa wa jeshi hatakiwi kumwandikia mkuu wake maneno yanayofanana na tishio, hasa siku ambazo baruti imekauka. Macdonald alikuwa na wazungu wachache na mji wenye hofu. Upande wa pili, huyu alikuwa mgonjwa, hakuinua bunduki, wala askari wake hawakuinua. Alichofanya ni kuilinda dhamana. Mtu aliyekwisha kusaidia kumleta Mbogo kwa amani angekaaje kimya Mbogo akiwindwa? Lugard, aliyekuwa Uingereza wakati huo, aliposikia habari hizi alimtetea waziwazi katika kitabu alichokichapisha mwaka huohuo, akasema kwamba mzee mwaminifu ametendewa dhuluma.

Utetezi huo ulichelewa, kama Salim Bey mwenyewe alivyochelewa kwa Stanley. Alichukuliwa akiwa hoi kwenye njia ndefu ya kwenda pwani. Alifika Naivasha, katika nchi ambayo leo ni Kenya, na hapo akafariki dunia, mwaka huohuo wa 1893. Alikufa si askari wa Khedive wala si askari wa Malkia, amevuliwa kila kitu isipokuwa imani yake.

WATU ALIOWAACHA

Familia ya askari wa zamani haikuwa mke na watoto peke yao. Ilikuwa ni wajane wa wenzake, mayatima, wazee na wote waliokula chunguni mwake. Salim Bey aliwatoa watu hao Labore na Dufile, akawatunza kwa Kavalli, akawafikisha Uganda. Baada yake wao walibaki.

Waliobaki kaskazini na Fadl el Mula walikuwa na mwisho mbaya zaidi. Fadl el Mula aliingia katika kazi ya Wabelgiji wa Kongo mwaka 1892, na mwaka 1894 akauawa na majeshi ya Mahdi. Mabaki ya watu wake yaliokotwa na Waingereza mwaka huo, wakaungana tena na ndugu zao Uganda.

Mwaka 1895 wote wakawa jeshi la Bunduki za Uganda. Mwaka 1897 sehemu ya Wasudani hao waliasi kweli. Walikuwa wamechoshwa na safari zisizokwisha, mshahara mdogo uliochelewa, na kutenganishwa na wake na watoto wao. Uasi huo ulimwaga damu nyingi, maofisa wa Kiingereza wakiuawa katika boma la Lubwa, Busoga, na ukazimwa mwaka 1898. Aliyekuwa jemadari wa safari ile walipoanza kuasi alikuwa Macdonald yuleyule. Wengi wa Wasudani, hata hivyo, hawakuasi, na mwaka 1902 jeshi lao likaingizwa katika KAR, lile jeshi la Keya tunalolisikia katika masimulizi ya wazee.

Nchi hii ya West Nile ilikuwa bado mikononi mwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Alipofariki mwishoni mwa 1909 ikarudi kwa Sudan mwaka 1910, kisha mwaka 1914 ikaunganishwa na Uganda, na mwaka huo mji wa Arua ukaanzishwa. Wanubi wakaja tena kama askari, wafanyabiashara na walimu wa dini, wakakaa Arua na Koboko, karibu na mto ambao babu zao waliupigania. Wakaoana na Wakakwa, Walugbara na Waaringa. Ndiyo maana ukipita sokoni leo utasikia Kinubi kikisemwa pamoja na Kiswahili na Kilugbara, na utawaona akina mama wamejifunga gurbaba zao.

Balaa likawarudia mwaka 1979. Utawala wa Idi Amin, ambaye ukoo wake ulikuwa wa Koboko, ulipoangushwa, watu wa West Nile, Wanubi na wasio Wanubi, walilaumiwa kwa makosa ya utawala wake, hata wale ambao hawakuwahi kushika bunduki. Maelfu wakakimbilia Sudan na Zaire, wakaishi katika kambi kama zetu. Walioanza kurudi baadaye ndio waliotupokea sisi. Mwaka 1995 Katiba ya Uganda iliwaorodhesha Wanubi miongoni mwa jamii za asili za nchi hii. Nchini Kenya wenzao waliendelea kudai haki zao, na mwaka 2017 ndipo walipopewa hati ya ardhi ya ekari 288 za Kibera.

Kutoka kifo cha Naivasha hadi Katiba ile ni miaka 102. Huo ndio urefu wa safari ya mkimbizi mpaka ahesabiwe mwenyeji.

MAFUNZO KWETU

Kwa hiyo basi, ndugu wasomaji, Kamati inaona mafunzo haya katika maisha ya marehemu.

Kwanza, uaminifu ni mali ambayo mkimbizi hanyang'anywi mpakani. Salim Bey alipoteza mshahara, boma, meli na cheo, lakini neno lake halikubadilika kwa Emin, kwa Lugard wala kwa Macdonald.

Pili, uaminifu bila busara huumiza. Pengine barua yenye maneno laini zaidi, au mzee wa kwenda kusema naye ana kwa ana, ingemwokoa yeye na Mbogo. Vijana wetu wanapokuwa na dai kwa wakubwa wa kambi au wa serikali, wasitishie. Wawatume wazee, na waandike kwa adabu.

Tatu, wenye madaraka nao wajifunze. Kuchelewa kwa watu wenye watoto na wagonjwa si uasi, na kumtetea rafiki si uasi. Anayeharakisha kuhukumu wageni hutengeneza maadui ambao hakuwa nao.

Nne, tusiwatendee wenyeji wetu kama maboma yale yalivyowatendea wenyeji wake. Miti tunayokata kwa kuni, maji tunayochota na mashamba tunayopita yana wenyewe. Watoto wa waliopokea watu wa Salim Bey na watoto wa waliopokelewa leo wanakaa meza moja, lakini ilichukua muda mrefu kufika hapo. Sisi tunaweza kufika mapema zaidi.

Tano, tuandike habari zetu. Karani wa Salim Bey aliandika kwenye karatasi za mwisho, katika nchi ambayo serikali yake ilikuwa imeisahau, naye aliona kazi hiyo ni ya lazima. Kila block iwe na daftari la waliozaliwa, waliofariki na walikotoka. Asiyeandikwa husemewa na wengine.

Mwenyezi Mungu amrehemu Marehemu Salim Bey, na askari, akina mama na watoto wote waliolala njiani kati ya Lado na Naivasha. Na sisi tulio bado njiani atujalie subira, na siku moja atufikishe nyumbani, au atufanyie nyumba hapa tulipo.

Wenu katika utumishi,
Kamati ya Jumuiya